Folda Niliyoifungulia Kila Mtu

Ijumaa, baada ya alasiri, mtaa wa Karama, Dubai. Nje joto halisemeki, ndani kiyoyozi kinanguruma. Naandika ili nitulie. Sijatulia.

Laptop yangu inakufa. Wiki nzima inazimika ghafla, na ndani yake mna picha za kupamba kwa Maimuna, mpwa wa jirani yetu. Sijamkabidhi kwa sababu sijamaliza kurekebisha rangi. Wanaojua arusi zetu za pwani wanajua kupamba ni kwa wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, simu zote zinakusanywa mlangoni. Kamera inayoruhusiwa kuingia ni moja tu, yangu. Ndiyo kazi ninayoifanya hapa Dubai, na wateja wananiita kwa sababu hawajawahi kusikia kwamba picha niliyopiga imeonwa na mwanamume.

Kwa hiyo asubuhi niliamua kuhifadhi nakala kwenye kompyuta kubwa ya sebuleni, kupitia wai-fai ya nyumbani. Nilidhani nitakunywa chai huku kazi inajiendea. Ikakataa. "Huna ruhusa ya kufungua folda hii," ikaandika. Nyumba yangu, kompyuta yetu, nenosiri nimeliweka mwenyewe, ati sina ruhusa! Nikazima ruta, nikawasha. Nikaandika nenosiri upya. Nikasoma bismillahi. Baadhi ya faili zikapita, nyingine zikagoma, na katikati ya hayo laptop ikazimika tena. Hapo roho ikaniruka.

Kijana mmoja kwenye video akasema dawa ni rahisi: nenda kwenye ruhusa za folda, chagua "kila mtu".

Nikachagua kila mtu.

Picha zikaanza kupita bila kelele, nami nikaenda jikoni kupakua biriani, maana mume wangu Salim alikuwa amerudi kutoka msikitini na wageni wawili. Haikunijia kabisa kwamba runinga ya sebuleni nayo imo kwenye wai-fai hiyohiyo. Fadhili, mdogo wake Salim anayelala kwetu mpaka apate kazi, alishika rimoti akitafuta mpira. Runinga ikamwonyesha folda mpya, naye akaibonyeza.

Nilifika mlangoni na sinia. Maimuna alikuwa ameijaza runinga nzima, nywele mgongoni, mabega wazi, hina mpaka viwikoni.

Fadhili aliizima haraka, akainamisha uso. "Nisamehe shemeji, wallahi sikujua ni nini." Wageni walikula macho yakiwa kwenye sahani, wakaondoka mapema, wakaniaga huku wanatazama zulia. Mmoja wao anafanya kazi na mume wa Maimuna.

Folda nimeifunga, ruhusa nimeziondoa zote, na runinga nimeitoa kwenye wai-fai. Salim anasema, "Khalas, yamekwisha, Zuhura. Wameona mara moja tu. Ukimwambia Maimuna utamtia donda bure." Salim ana huruma, ila pia hapendi maneno. Nilitaka sana kumkubalia. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikatunga uongo wa kila namna, na kila uongo ulikuwa mtamu.

Mwishowe nikampigia. Niwe mkweli: sikumpigia kwa wema mtupu. Niliogopa asije akayasikia kwa mumewe kwanza.

Maimuna alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni wanaume wangapi. Nikamwambia.

"Futa, da Zuhura. Zote. Za kwenye laptop na za sebuleni."

Nikamkumbusha kwamba hajaiona hata moja. Nikamwomba nimbakishie angalau zile za mikono yenye hina. Akakataa. Sikubishana, sikuwa na uso wa kubishana.

Kabla hajakata simu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Lakini nilipendeza?"

Nikamwambia alipendeza sana.

Sasa nimezifungua hapa mbele yangu, na laptop, kwa ubishi wake, haijazimika hata mara moja. Ningeweza kuzifuta zote kwa mpigo. Nazifuta moja moja, na kila moja naiangalia kwanza.