Mama Kafungua au Hakufungua?

Mbaha, 3 Machi 2024

Mama mkwe, shikamoo. Simu hupokei, ndiyo nimeshika kalamu. Kifua kinaendeleaje? Clemence anakusalimu, na Beata ameota meno mawili.

Mama, naomba ule mkanda wa tatu wa sinema bubu ya marehemu baba mkwe Xaveri. Miwili aliyonipa naionyesha ukutani Jumapili, uwanja unajaa. Ndani yake mwana wa tajiri anaoa mfua nguo, mama yake anawafungia mlango. Mwisho wake uko kwako. Nimeulizia mpaka Dar, kwa wanaokusanya kama mimi, hakuna mwingine mwenye nao.

Mwanao,
Vitalia

Litembo, 20 Machi 2024

Vitalia,

Marahaba. Sikuzaa mtoto Mbaha. Kifua changu kiache.

Mkanda nimeukatakata, nimeutundika kwenye mahindi. Unang'aa, ndege wanakimbia. Angalau huo unafanya kazi. Clemence angeoa kwa wenye kahawa, leo asingenuka usipa. Hata hao samaki kuwaanika kunakushinda, utaweza kutunza sinema?

Hildegardi

Mbaha, 14 Aprili 2024

Mama, shikamoo. Umeamkaje na baridi ya huko?

Jumanne nilikuja, Beata mgongoni. Nilipiga hodi mpaka jirani akanionea huruma. Basi nikaingia shambani, nikafungua vipande kimoja kimoja. Jua na mvua vimekula picha zote, nikivielekeza kwenye mwanga ni vyeupe tu. Sikulia, mama, usifikiri.

Ila watu hawaniachi. Mkanda wa pili ukiisha wanapiga kelele, "Vitalia, mama kafungua au hakufungua?" Wewe uliiona. Niambie tu, nami nitawasimulia kwa mdomo, kama baba alivyokuwa anasimulia. Sitakuomba kingine.

Mwanao,
Vitalia

Litembo, 2 Mei 2024

Vitalia,

Marahaba. Niliiona kuliko nilivyotaka. Tangu nilipokataa kuja kwenye harusi yenu, mzee alikuwa ananiwashia mkanda ule ule wa tatu kila tukitoka misa, yeye kimya, hasimulii chochote. Yule mama anafungua, analia, anamkumbatia mfua nguo. Uongo mtupu! Mama gani huyo? Mzee alipozikwa tu nikachukua mkasi.

Waambie watu wako hakufungua.

Na siku nyingine mvalishe mtoto sweta, huku si ziwani. Nilikuwa nyuma ya mlango, nilimsikia anakohoa.

Bibi yake