Mpaka wa Shamba la Harwick

Ofisi ya Ardhi, Tukuyu
4 Mei 1993

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini joto la Kyela halijakusumbua kifua. Sisi wazima, ila mvua ina siku ya tisa na nguo hazikauki.

Shangazi, Miss Harwick amekuja! Yule ambaye baba yake alimiliki vilima vitatu na kengele iliyosikika hadi Bulyaga. Nilidhani watu wale walikwisha kufa wote. Alipoingia ofisini, hata Afisa Ardhi, Bwana Tamimu, ambaye hamwinukii mtu, alisimama. Mimi niliangusha kalamu.

Shamba linauzwa, na ramani ya zamani imeliwa na mchwa. Mwekezaji amemleta kutoka Uingereza aonyeshe mpaka, na neno lake ndilo litakaloandikwa. Mwekezaji anadai mpaka ulifika barabarani. Ikiwa hivyo, nyumba ya Babu na migomba yake yote imo ndani, naye atahamishwa, na miaka themanini na tisa ile.

Mwandishi wa muhtasari ni mimi. Bwana Tamimu hajui kuwa huyo ni babu yangu. Nikisema, naweza kufukuzwa kazi. Nikinyamaza, nitamhamisha Babu kwa mkono wangu. Nifanye nini?

Binti yako,
Lusungu


Kyela, 9 Mei 1993

Mwanangu Lusungu,

Marahaba. Kifua kimetulia, tunavuna mpunga.

Mwambie Bwana Tamimu ukweli kabla hajaambiwa na mwingine. Kazi ikipotea, njoo tuvune.

Na siku ya kupima, mzuie Babu asitoke nje. Usiniulize sababu. Niliapishwa kunyamaza nikiwa na miaka kumi na miwili.

Shangazi yako,
Tusekile


Tukuyu, 20 Mei 1993

Shangazi,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi.

Nilimwambia Bwana Tamimu. Akasema, "Andika anachosema, neno kwa neno. Ukiongeza nukta, unarudi kwenu." Babu naye alikataa katakata: "Nizuiwe kwangu na mtoto niliyemfuta kamasi?"

Siku ya kupima tulipita kwenye mashamba ya chai, mwekezaji akimshikia Miss Harwick mwavuli. "Barabara ile pale, Mama. Wewe sema tu." Akafungua mdomo. Ndipo Babu akatokea kwenye migomba na fimbo yake.

Shangazi, yule mama aliacha njia. Alivuta mtandio akafunika uso, akageuka, akachuchumaa katikati ya chai iliyolowa. Mwekezaji alidhani ameanguka. Bwana Tamimu, mtu wa Pwani, akacheka: "Mama, mzee huyu haumi!" Lakini wanawake wa kijiji hawakucheka hata mmoja. Sisi tunajua mke wa Kinyakyusa anamfanyia hivyo baba mkwe wake. Na Babu naye aligeuza uso, akatazama mlimani.

Yule mama akasema akiwa ametupa mgongo, kwa Kinyakyusa safi: "Mpaka wetu ni mto, si barabara. Upande huu ni kwa baba mkwe wangu. Baba yangu alilijua hilo."

"Anasema nini?" mwekezaji akauliza. Niliandika kila neno, na Miss Harwick akatia saini pale pale juu ya goti lake. Babu hahami.

Shangazi, huyu ni nani kwetu?

Lusungu


Kyela, 26 Mei 1993

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta shambani, nikakaa chini kwenye tope.

Siri ameifichua mama yule mwenyewe, basi sikiliza. Kaka yangu Amoni, mkubwa wa baba yako, alikuwa karani wa Harwick. Yeye na binti wa Harwick walipendana. Babu alichinja ng'ombe wa harusi, na mama zangu wakamfundisha binti yule namna ya kumkwepa baba mkwe. Alikuwa wetu kwa wiki saba. Baba yake alipojua alimpandisha meli. Mwaka uliofuata homa ikamchukua Amoni, nasi tukaapishwa tusiseme, tusije tukafukuzwa kwenye ardhi.

Nilitaka umzuie Babu kwa sababu niliogopa mwanamke yule angemtazama usoni, kama mgeni yeyote. Babu asingeipona siku hiyo. Nilikosea.

Acha kumwita Miss. Ni mama yako mkubwa. Kama hajaondoka, nenda ukamwamkie.

Tusekile


Tukuyu, 2 Juni 1993

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi, siku ya safari yake. Nilikimbia hadi nyumba ya wageni Ibighi nikamkuta ameshaketi ndani ya gari. Nilipiga magoti nikasema, "Shikamoo, Mama Mkubwa."

Alimwambia dereva azime gari.

Hajaondoka. Ameuliza kaburi la Amoni liko upande gani wa migomba, na kama Babu anaweza kwenda kwa jirani mchana huu, ili yeye apite.

Nakuandikia haraka hapa kwa Babu. Babu anavaa koti.

Lusungu