Nakala Moja Ivuke Ziwa

Shikamoo shangazi Immaculata,

Naomba unisikilize, kwa sababu kwa maandishi naweza kusema, kwa mdomo siwezi. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Igogo, niko kwenye klabu ya kompyuta, na kila Jumatano tunarusha moja kwa moja somo la fizikia la mwalimu wetu Lwakatare kwenda shule tano, mbili za hapa mjini na tatu za Ukerewe, na katika mojawapo ya hizo za Ukerewe yupo binamu yangu Winnie; shuleni kwao hawana kabisa mwalimu wa fizikia, kwa hiyo hilo ndilo somo pekee wanalopata. Sasa picha inaganda, sauti inakatika, na kiongozi wetu Shigela amesema, "Tukate Ukerewe jamani, wanatuchelewesha," na mwalimu ataamua Ijumaa hii.

Shangazi, tatizo si Ukerewe. Sisi tunatuma nakala tano kutoka hapa, moja kwa kila shule, na tatu kati ya hizo zinabanana kwenye njia ileile nyembamba inayovuka ziwa, wakati somo ni lilelile. Nimesoma kitabu maktaba, kinaeleza kwamba unaweza kutuma nakala moja tu ukaibandika lebo, yaani namba fupi, na kila ruta iliyopo njiani inatazama lebo hiyo tu, inajua ipeleke wapi, inaweka lebo ya hatua inayofuata, na pale njia zinapogawanyika, kwa Ukerewe ni pale Nansio, ndipo nakala zinapozalishwa. Ruta zetu zinaweza kazi hiyo, nimehakikisha. Ni kama mama anavyofanya tukipata msiba, hampigii kila ndugu wa Ukerewe, anampigia mama mdogo Bernadeta peke yake pale Nansio, naye ndiye anayepeleka habari nyumba kwa nyumba.

Lakini nikisema hivyo watacheka. Wiki iliyopita nilifungua mdomo tu, Shigela akasema, "Kimya, profesa ameamka!" wote wakaangua kicheko, nikakaa. Je, ninyamaze, au nimwachie mwalimu karatasi mezani bila jina? Winnie ananiuliza kila siku kama Jumatano ipo, nami simjibu.

Msomaji wa Igogo

*

Marahaba, mwanangu. Jibu hili nimekutumia kwanza kwenye simu, maana Ijumaa haisubiri gazeti.

Pole. Kicheko cha darasani kinauma, sikudanganyi. Ila na wewe nikugombeze kidogo. Umeyaeleza yote haya kwangu mimi, nisiyejua ruta ni mnyama gani, na nimekuelewa, halafu unasema huwezi kueleza? Na Winnie humjibu kwa nini? Shigela bado hajamkata. Wewe umeshaanza.

Karatasi isiyo na jina usiiandike. Mwalimu akiwa na swali atamuuliza nani, meza?

Usisubiri kikao. Mfuate mwalimu Lwakatare kesho akiwa peke yake, mwamkie, kisha anza na mama yako na msiba. Usianze na lebo! Hakuna mtu wa ziwa hili asiyejua habari ya msiba inavyosambazwa, kwa hiyo lebo atazielewa zenyewe. Mwombe jambo moja tu: mjaribu njia yako kabla hajakata mtu. Na huyo Shigela mpeni kazi ya kuwapigia simu wenzenu wa Nansio waweke lebo upande wao. Mdomo anao, acheni ufanye kazi. Ukimaliza, mjibu binamu yako. Haya, nenda.

*

Ujumbe wake, ulioingia Ijumaa:

Shangazi, nilimfuata, nikasema. Mwalimu alisikiliza habari ya mama mdogo mpaka mwisho, akacheka, si kwa kunicheka, akasema, "Hata kwetu Bukoba msiba unakwenda hivyohivyo," tukajaribu. Mara ya kwanza Nansio hawakuona kitu, nikataka ardhi inimeze, kumbe lebo moja ilikosewa huko. Tukarekebisha. Picha haikuganda tena! Ukerewe haikatwi. Shigela bado ananiita profesa, lakini sasa anasema, "Profesa, njoo uangalie hii kwanza."

Winnie naye amepiga simu, akinifokea kwa furaha: "Nimekuona umejificha nyuma ya mwalimu! Jumatano jisogeze, tukuone vizuri."

Nimemwambia nitasogea.