Mke wa Ayubu Uwanjani

Mkonze, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kikohozi kimekuachia, na baridi ya Makete haijamzuia mama kwenda shambani. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo wa huku, na vumbi limekataa kunizoea.

Uliniomba nikirudi nisome Neno kwenye kumbukumbu ya Eliya, mwaka mmoja tangu tumzike mdogo wangu. Sijakujibu kwa simu kwa sababu kila nikianza maneno yananikwama. Ngoja nikueleze yaliyonipata, maana nimechanganyikiwa.

Chuoni tunasoma kitabu cha Ayubu kama fasihi. Najua umeshakunja uso. Mwalimu wetu anasema tusiulize kama ni kweli, tuulize kimesukwa vipi, nani anasema na nani amenyimwa sauti. Mwanzoni nilijiona nakufuru. Baadaye nikaanza kukipenda kuliko nilivyowahi kukipenda kanisani, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Tukakifanya mchezo wa kuigiza, tukaupeleka kijiji kimoja cha Chamwino, tukaucheza kwenye uwanja wa kanisa. Mimi nilikuwa mke wa Ayubu, yule anayemwambia mumewe amkufuru Mungu afe. Wenzangu walisema nafasi hiyo inanifaa kwa mdomo huu niliourithi kwa shangazi.

Kwenye mchezo, mjumbe akaja na habari kwamba nyumba imewaangukia watoto wetu wote. Nikaanguka chini kama tulivyofanya mazoezi. Akina mama wa Kigogo waliokaa mbele wakainuka. Nilidhani wamechoka, wanaondoka. Kumbe wanakuja kwangu. Wakavua kandambili, wakakaa chini kunizunguka, mmoja akanifunika khanga yake, wakaanzisha wimbo wa msiba. Na usidhani hawakujua kwamba ni mchezo, kwani muda mfupi kabla walikuwa wakimcheka shetani wetu. Ayubu alibaki amesimama na majivu yake kichwani.

Yule aliyenifunika akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, watoto kumi siku moja, na hakuna aliyekuja kukaa na wewe?"

Maneno yangu ya kukufuru nilikuwa nimeyakariri vizuri. Hayakutoka. Nikalia, Baba, na sikuwa nawalilia watoto wa Ayubu. Nilimlilia Eliya. Siku ya maziko ulisoma kitabu hichohicho, ukatuambia Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa, basi tusilie mbele za watu. Nikakutii.

Mchezo haukumalizika. Njiani mwalimu alisema akina mama wale wameshindwa kutenganisha sanaa na maisha, akatutaka tuandike ripoti juu ya hilo. Mwenzangu mmoja mlokole anasema ni Roho aliyeshuka. Mimi sijui. Nimekisoma kitabu upya na kuona kwamba marafiki wanakuja kumfariji Ayubu peke yake, mkewe haendewi na mtu. Darasa ndilo lililonifundisha kuliona hilo, lakini kilichoniliza ni khanga ya yule mama. Sasa nikikifungua sijui kama nasoma au nasali, na ripoti sijaandika hata mstari.

Mama siku ile alikuwa akiwagawia wageni chai, macho makavu. Watu wakamsifu kwamba kweli huyu ni mke wa mwinjilisti. Hata mimi nilimsifu. Tangu hapo sijawahi kusikia akilitaja jina la Eliya.

Kwa hiyo nitasoma Neno, Baba, lakini mama aruhusiwe kulia nikisoma. Kama hilo ni kukosa imani, nifundishe nikija, nitakusikiliza. Usinikasirikie.

Msalimie bibi, umwambie soksi alizonifumia nawaonyesha watu wa huku wanashangaa. Msalimie shangazi mwenye mdomo wake, na mwalimu wa kwaya. Kwa mama situmi salamu. Nenda jikoni ukakae naye chini, umtajie Eliya, na umwache alie hata majirani wakisikia.

Ni mimi binti yako,
Rehema