Chumba Cheupe cha Shangazi Kashindye

Kitete, Tabora
2 Agosti 1951

Mwanangu Sylvester,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanaosafiri kwa gari ni kuogopa barabara. Wanaogopa makorongo, mchanga na simba, na jioni wanaingia kulala kwa ndugu bila kuuliza kitu. Nimelitanguliza hilo hata kabla ya salamu kwa sababu salamu utazisoma tu, na hili nataka ulishike.

Sasa salamu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto. Natumaini wewe na mkwe wangu Veneranda mmefika Igalula wazima. Jana mlipoondoka sikupata nafasi ya kusema neno. Mtaa mzima ulitaka kuchungulia kitanda, mapazia na jiko la mafuta ndani ya gari lako. Nani angedhani kwamba gari la wagonjwa lililochoshwa na vita lingegeuka nyumba ya maharusi?

Nisikilize. Barabara mnayoifuata kwenda mashariki ni njia ile ile ya misafara ya zamani. Wapagazi walipita na pembe kichwani na mikeka mgongoni, na ndani ya mikeka walibeba papasi bila kujua. Kila walipopiga kambi waliwaacha wengine. Mdudu huyu hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo na hutoka kumuuma aliyelala. Wenyeji waliokua naye hawadhuriki sana. Mgeni humwangusha kwa homa, na kwa mwanamke mjamzito homa hiyo huharibu mimba. Nimelisoma hilo katika kijitabu cha afya, na nimeliona kwa macho katika miaka yangu thelathini na moja ya ualimu.

Veneranda amekwishapoteza mimba mbili. Hii ya sasa ina miezi minne. Kwa kuwa mlifunga ndoa Mwanza, mbali na ukoo, na miaka yote hii hamjaja, ni wajibu umpeleke bibi harusi akaonwe na ndugu, na sikatai. Ila fuateni hivi: kwa baba yako mdogo Raymundi laleni ndani, kwa maana nyumba za reli zina sakafu ya saruji. Kwa shangazi yako Kashindye msilale ndani hata mara moja. Kijiji chake kinaitwa Kambini kwa sababu kilikuwa kambi yenyewe. Shindeni naye mchana, kisha mlale garini. Ndiyo maana nikawapa godoro la marehemu mama yako, lililokuwa chumbani kwangu, msipate sababu ya kutamani kitanda cha mtu.

Najua Kashindye ndiye aliyekulea mama yako alipofariki. Atanung'unika. Mweleze taratibu.

Ni mimi baba yako,
Anselm


Igalula
7 Agosti 1951

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na gari limekunywa maji mara mbili tu. Goti linaendeleaje? Veneranda anasema ulikande kwa maji ya chumvi.

Baba mdogo Raymundi alilizunguka gari mara tatu. "Hili ni la wagonjwa. Mgonjwa nani?" Nikasema nimembeba mke wangu. "Basi mgonjwa ni wewe," akasema, na Veneranda akacheka mpaka akakaa chini. Tumelala ndani kwake siku nne kama ulivyoagiza.

Kuna jambo moja. Baba mdogo anasema shangazi anakikandika chumba chetu wiki ya pili sasa, na habari amezituma kwa kila anayepanda treni Goweko. Anasema pia kwamba Kambini kuna maneno juu yake. Watoto wawili wa shemeji yake, Marko, walikufa masika, mmoja baada ya mwingine, na watu wameanza kuutazama mlango wa shangazi. Je, ulijua?

Mwanao,
Sylvester


Kitete, Tabora
11 Agosti 1951

Mwanangu,

Marahaba. Goti limekataa chumvi.

Nilijua. Sikuandika kwa sababu upuuzi ukiandikwa hupata heshima. Watoto wale walikufa kwa surua. Surua huanza na mafua na macho mekundu, siku ya nne hutoka vipele, na mtoto dhaifu humalizwa na kifua. Hapo hakuna mlango wa mtu. Nilimweleza Marko hayo yote kwa barua ya kurasa tatu. Hakujibu, na mimi nikachukua kwamba ameelewa.

Wewe fuata nilichosema.

Baba yako


Kambini
18 Agosti 1951

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo, ila Veneranda anatapika, kama ilivyo kwa hali yake.

Tulifika juzi mchana. Shangazi alikuja mbio hata nikaogopa nitamgonga. Alimshika Veneranda tumbo mbele ya wote, akauliza, "Humu ndani kuna mzee gani? Atoke atuamkie!" Kisha akatushika mikono akatupeleka chumbani. Baba, amekipaka chokaa. Kuta nyeupe, sakafu imesiribwa vizuri, na kitanda ni chake mwenyewe. Yeye amejitandikia ngozi jikoni. Kuku alikuwa chunguni tayari.

Watu kama ishirini walikuwa uani. Nikamweleza habari za papasi kama ulivyonifundisha. Akacheka. "Papasi? Wewe umelala na papasi wangu miaka tisa. Wamekunywa damu mpaka wamekuwa ndugu zako. Waamkie!" Watu wote wakacheka. Nikasema hata hivyo tutalala garini. Kicheko kikaisha.

Marko akaniuliza kwa upole sana, "Igalula mlilala wapi?"

"Kwa baba mdogo."

"Ndani?"

"Ndani. Kule kuna saruji."

"Na papasi wa hapa wako kwa Kashindye peke yake, au hata kwangu?"

Nikasema hata kwake. "Kwangu hakuna aliyewaomba mlale," akasema, akaenda zake.

Tukala. Veneranda alimeza matonge mawili, akatoka kutapika nyuma ya gari. Wanawake walisimama wakimwangalia, na hakuna aliyemshika kichwa.

Leo asubuhi shangazi alikuja mlangoni pa gari. Hakukanyaga ngazi. Akasema: "Mwanangu, laleni usiku mmoja. Hata usingizi si lazima. Ingieni magharibi, mtoke alfajiri mkipiga miayo, watu wawaone mnatoka mlangoni kwangu. Mmoja tu. Wewe ni damu yangu. Ukinikimbia wewe, nani atakaa nami?"

Nikamwambia nitakuuliza. Akasema, "Muulize. Mwambie ni dada yake anayeomba, na tangu tuzaliwe sijamwomba kitu."

Veneranda anataka tulale. Mimi naogopa kwa ajili ya mtoto. Barua naipeleka mwenyewe stesheni ya Goweko leo, na nitangoja jibu lako kabla ya kuendelea Itigi kwa dada yake Veneranda.

Mwanao,
Sylvester


Kitete, Tabora
22 Agosti 1951

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kusimamishwa katikati ya mambo haya.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na jibu langu ni hapana. Nitakupa sababu, usije ukadhani nina moyo mgumu. Kwanza, papasi hahesabu usiku. Mmoja unamtosha. Pili, ukiingia kulala ili kuwaridhisha watu wanaoamini uchawi, utakuwa umekubali kwamba walikuwa na swali la haki, na kesho watakuja na lingine. Ujinga haulishwi. Huachwa ukafa njaa.

Mwambie Kashindye kwamba aibu ya siku mbili huisha, na mimba ikitoka hairudi. Yeye ni mwanamke mwenye akili. Mwambie pia kwamba mjukuu akizaliwa nitamleta mimi mwenyewe Kambini, kijiji kizima kimwone.

Endeleeni Itigi.

Baba yako


Goweko
Jumatatu, 10 Septemba 1951

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili.

Homa ilimshika Veneranda Itigi tarehe 31 Agosti. Ilimwacha siku tatu, ikarudi. Mimba imetoka. Alikuwa wa kiume.

Dresa wa zahanati ya hapo alisema ni homa ya papasi. Nikamwambia haiwezekani, hatujalala nyumba ya udongo hata moja, baba yangu ni mwalimu na alitukataza. Akaomba aone tunapolala. Akapanda garini, akapasua mshono wa godoro kwa wembe, akalikung'uta juu ya gazeti. Walidondoka saba, wakubwa kama punje za mahindi. Akaniuliza godoro limetoka wapi. Nikamjibu.

Mimi sikupata hata kuumwa kichwa. Shangazi alisema kweli, wale ni ndugu zangu.

Jumamosi tulipita Kambini tukirudi. Nyumba ya shangazi haina paa. Waliiezua Ijumaa iliyotangulia, mchana kweupe, kwa utaratibu. Nyasi wamezifunga matita na kuyapanga kando ya ua, na fito wameziegemeza mtini. Hakuna aliyepaza sauti wala kuvunja chungu. Marko alikuja kuniamkia vizuri, akauliza hali ya mke wangu. Nilipomwambia, alivua kofia. "Pole sana, mwanangu," akasema. "Na hapo mlilala garini. Je, mngelala ndani?"

Nilimwambia habari za godoro. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosoma kurasa zako tatu.

Shangazi yumo chumbani. Amekaa juu ya kitanda alichotutandikia, jua linampiga utosini, na kuta zile nyeupe zinaumiza macho. Hakuna anayempa kaa la moto. Maji anachota mchana watu wakienda shamba. Aliponiona aliuliza neno moja tu, "Mtoto?" Nikatikisa kichwa. Akasema: "Mkeo alikula kwangu matonge mawili. Sylvester, sasa hata mimi nitaanza kujiogopa."

Nilimsihi apande gari twende Tabora. Akakataa. "Nikipanda watasema nimekimbia. Na kitanda chenu sikilalii. Nyie mlikataa changu."

Marko anasema Ijumaa watazisukuma kuta, awe ndani au nje. Hakulisema kwa hasira. Alinitajia siku kama mtu anayekualika kwenye palizi.

Veneranda yuko hapa zahanati ya Goweko na damu haijakauka. Hasemi nami. Anasema tu kwamba yeye alitaka tulale. Mimi nimeegesha gari karibu na stesheni. Kambini ni mwendo wa saa mbili. Ningeweza kwenda. Jana na leo asubuhi nimewasha injini, kisha nikakumbuka kwamba tangu tuondoke nyumbani sijafanya jambo ambalo hukuliandika, nikazima.

Nangoja uandike.

Sylvester


Kitete, Tabora
Jumamosi, 15 Septemba 1951

Mwanangu Sylvester,

Marahaba. Mpe Veneranda pole yangu, na asipoitaka usimlazimishe.

Barua yako ya Jumatatu imenifikia leo asubuhi. Ijumaa ilikuwa jana.

Nimelipasua na godoro langu mwenyewe. Wamo. Nimelala juu yao miaka yote hii nikifundisha watu habari zao.

Nimekuwa mtu wa kueleza tangu ujana wangu, na sasa nimekaa na kalamu toka saa mbili bila kupata la kueleza. Dada yangu aliniomba usiku mmoja. Nilimjibu kama mtoto wa darasa la pili aliyekosea hesabu.

Goti limevimba, siwezi kupanda behewa peke yangu. Jumatatu nitabebwa mpaka stesheni na nitakuja. Barua hii anaileta Abasi, fundi cherehani jirani yangu, anayesafiri leo. Atakupa mkononi. Usiijibu, na usingoje nyingine.

Kuta ziwe zimesimama au zimelala chini, leo hii, jua lingali juu na watu wote wanatazama, chukua mkeka wako uingie chumbani kwa shangazi yako, ulale.

Kaka yake Kashindye,
baba yako