Kodi ya Kivuli

Jumatatu, 4 Agosti

Natangaza rasmi, mbele ya nafsi yangu na magunia manane ya vitunguu, kwamba kuanzia leo sisomi tena riwaya inayoanza na ramani. Uamuzi huu hauna rufaa.

Nimeufikia saa nne asubuhi, hapahapa sokoni Mabibo, wateja wakiwa wachache. Kitabu nilikipata kwa wanafunzi wa hosteli. Wakimaliza chuo wanauza kila kitu mpaka ndoo. Kurasa mia sita. Ramani ya mbele ina milima, misitu na falme saba. Nimefika katikati, kamusi mapajani. Vita vitatu, harusi mbili, joka moja. Hakuna aliyelima. Hakuna aliyeuza hata kitunguu kimoja. Jeshi la watu elfu kumi linakula nini? Mwandishi kimya. Mwandishi akikaa kimya kwenye suala la chakula mie namshuku. Kuna kitu anaficha.

Jumamosi nitamwambia Mwalimu Kandida. Atapinga. Alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, alikuwa jirani yetu kabla hajahamia Madale, na kila Jumamosi bado anakuja kununua vitunguu kwangu. Madale vitunguu vipo. Kwa hiyo anakuja kubishana.

Daftari langu analo tangu Juni. Kaunta buku nzima, riwaya yangu, nakala pekee. Wiki iliyopita nilimuuliza. "Nimekisoma kitabu chako, Baba Mwanaidi. Kizuri. Endelea."

Basi. Mwanamke huyuhuyu alinichambulia joka la mtu mwingine saa nzima tumesimama. Mie napewa kizuri na endelea. Sijapenda.

Jumatano, 6 Agosti

Saa tisa alasiri, banda la video nyuma ya soko. Filamu ya mapigano. Anayetafsiri ni Dijei Mtambo, miaka yote ni yeye. Anakaa pembeni na maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu, anatuambia kwa Kiswahili wanachosema wazungu. Katikati anawasalimia waliokaa mbele, kwa majina. Kila onyesho analirekodi, anakwenda kuliuza.

Kiingereza cha kusoma ninacho, nilijifundisha mwenyewe. Cha kusikia kinanipita kama bodaboda.

Shujaa wa leo kapiga risasi arobaini na moja kwa bastola moja bila kuongeza. Nimehesabu. Nahesabuga siku zote. Kisha jengo likalipuka nyuma yake na hakugeuka. Mtu asiyegeuka kitu kikilipuka ama ni kiziwi, ama ndiye aliyelipua. Polisi wa kule hawajawahi kulifikiria hili.

Lakini lazima niseme haki. Filamu zinazidi riwaya kwa jambo moja: adui ana sababu. Huyu wa leo alidhulumiwa urithi na mjomba wake. Hapo nilimwelewa, hata nikamwonea huruma. Mwalimu filamu hiyohiyo aliiangalia nyumbani kwake, kwa Kiingereza, na nilipompigia simu jioni akasema humo hamna mjomba. Nadhani huwa anasinzia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Banda limefurika. Filamu ya anga za mbali. Akatokea mwanamke mrefu, nguo za chuma, amesimama juani juu ya ngazi. Mtambo akapaza sauti: "Huyo sasa ndiye malkia, wazee! Anatoza kodi ya kivuli! Kivuli kirefu, kodi ndefu!"

Watu wakacheka. Mie sikucheka.

Kodi ya kivuli ni yangu. Imo kwenye daftari langu, sura ya pili. Sayari kavu. Malkia anawatoza watu kwa urefu wa vivuli vyao, kwa hiyo wanatoka nje saa sita mchana tu, kivuli kikiwa kimejikunyata miguuni. Ndiyo moyo wa riwaya nzima. Ndiyo kitu pekee maishani nilichokibuni bila kuazima kwa mtu. Mwanangu sikumwambia. Mama yake, Mungu amrehemu, sikumwambia.

Amesoma mtu mmoja tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimempima Mwalimu. La jana sikulitaja. Nilikuwa napima vitunguu taratibu, nikamuuliza kama natania, sehemu gani ya kitabu changu imemkaa. Akavigeuzageuza vitunguu ambavyo alishavichagua. Akasema ile sehemu ya mwisho imemgusa sana.

Sehemu ya mwisho sijaiandika.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Jibu ni moja. Wamenimalizia. Yeye na Mtambo wamekaa chini, wameandika mwisho, na mwisho wenyewe unagusa.

Jumanne, 12 Agosti

Mama Shukuru, muuza nyanya wa meza ya pili, kaniambia bila kuulizwa kwamba Mtambo anajenga Madale. Madale ni kubwa, najua. Vilima kila upande, watu wanajenga kama siafu. Lakini muuzaji wa daftari na mnunuzi wa daftari kukaa sehemu moja si jambo la kupita hivihivi.

Nimejaribu kusoma. Riwaya ya kurudi nyuma kwa wakati. Mtu kapewa mashine, anarudi miaka mia akazuie vita. Makuu hayo. Mie ningerudi Juni tu, nilibane daftari langu kwapani.

Usingizi sina.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimesema. Nilipanga kusema kwa upole, pembeni. Ikatoka mbele ya wateja.

"Mwalimu, daftari langu umempa Mtambo."

"Mtambo yupi?"

"Acha hizo. Yule wa banda la video. Kodi ya kivuli anaitangaza kwenye maikrofoni. Kitabu kile umesoma wewe tu. Au hukusoma?"

Mtu aliyezima madarasa ya wanafunzi sitini kwa jicho moja, leo anatazama mizani.

"Wasomi wamevurugana," akasema Mama Shukuru. "Haya, nani anataka nyanya?"

"Nimekisoma," Mwalimu akasema. Sauti ndogo. "Lakini sikumpa mtu." Akaacha vitunguu vyake kwenye mizani, akaondoka.

Asiye na hatia hupiga kelele. Nimeangalia filamu nyingi, haya nayajua. Huyu hakupiga.

Nimeshinda. Mbona najisikia vibaya hivi.

Jumatano, 20 Agosti

Wiki mbaya. Hakuna wa kubishana naye. Nimemweleza Mama Shukuru kwamba simwamini mwandishi ambaye chombo chake cha angani kina watu mia tatu na hakuna anayefagia. Kanishauri nikapimwe presha.

Saa nane nikaenda kwa Mtambo mwenyewe. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akainuka, akanipa kiti.

"Shikamoo mzee wangu. Kodi ya kivuli? Ah, mbona ya kitambo ile! Niliitoa mwenyewe zamani. Juzi nimeirudia tu, nikajua wameshaisahau."

Nikamuuliza aliitoa kwenye filamu gani.

"Filamu? Mzee wangu, mie Kiingereza nasikia majina ya watu tu. Mengine najazia. Wewe si mtu wa kuambiwa, umekaa pale mbele miaka yote."

Sikumwamini. Angesema nini kingine? Ameniambia niende kwa Rehema, mwenye duka la kuuza filamu pale njia panda, rekodi zake zote za zamani anazo. Anajiamini sana. Wezi wa kwenye filamu nao hujiamini.

Lakini lile la mjomba limenikaa kichwani. Kumbe hakuwepo.

Ijumaa, 22 Agosti

Rehema kapekua kompyuta yake karibu saa nzima, anatafuna karanga. Akaipata. Nikakaa kwenye stuli, nikavaa spika za masikioni.

Filamu ya zamani, jangwa, mzee mmoja ana fimbo. Mtambo anaanza na salamu: "Namsalimia Baba Mwanaidi, mzee wa vitunguu, yupo hapa mbele! Binti yake kesho anaanza mtihani wa kidato cha pili, jamani tumwombee!"

Mwanaidi sasa ni nesi Dodoma. Daftari nililianza alipokwisha kwenda huko, nyumba ilipopwaya.

Dakika chache mbele, mzee wa fimbo anamnyooshea mtu kidole. Mtambo: "Anamwambia lipa kodi ya kivuli chako! Nje mtatoka saa sita mchana tu, kikiwa kifupi!"

Na saa sita mchana pia. Hata hiyo.

Kisha mtu mmoja anacheka karibu kabisa na maikrofoni. Kicheko kirefu kinachoishia kwenye kikohozi. Changu.

Nilikuwepo. Nilisikia. Nilicheka. Nikasahau, halafu miaka ikapita, nikakaa chini nikabuni.

Rehema akauliza aniwekee kwenye flashi. Nikasema hapana. Nikafika mlangoni, nikarudi, nikasema weka.

Kwa hiyo maoni yangu yote ya filamu, miaka hii yote, adui mwenye sababu, mjomba, urithi, mambo yote niliyokuwa nayasifia ni ya Mtambo. Waandishi wa falme saba nimewadharau, na ninayemhusudu anafanya kazi hatua hamsini kutoka kwenye meza yangu, anajazia. Naona aibu. Nimemwita mwizi mwanamke wa watu mbele ya nyanya.

Jumapili, 24 Agosti

Madale. Kilima cha kwa Mwalimu kinataka magoti ya kijana. Nilibeba vitunguu alivyoviacha, nikaongeza na vingine.

Alikuwa ametoka kanisani, kitenge cha kwaya bado mwilini. Alinikaribisha bila tabasamu. Nilisema yote kwa mara moja, rekodi, salamu, kicheko, kikohozi. Nikasema nimekukosea, Mwalimu, naomba radhi, na Jumamosi nitaiomba tena palepale sokoni ili Mama Shukuru asikie.

Nilitegemea nitakaripiwa. Nilitaka hasa kukaripiwa. Yeye akaenda ndani, akarudi na daftari langu amelishika kwa mikono miwili kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Akasema, "Baba Mwanaidi, keti. Na mie nina la kwangu."

Alichosema sitakiandika leo.

Tulikunywa chai. Akaniuliza kama bado nasoma lile joka. Nikamwambia wanajeshi hawali. Akasema wanakula, ukurasa wa mia mbili kuna supu. Tukabishana kidogo, kwa adabu. Nikashuka kilima jua likiwa bado kali.

Jumatatu, 25 Agosti

Asubuhi yenye baridi kidogo. Wateja wawili. Mama Shukuru kanikatia papai.

Alichosema Mwalimu ni hiki. Hadithi za sayari zinampa usingizi, zimempa toka zamani. Aliniambia amesoma, ili tu asiniumize. Siku ile sokoni aliona afadhali aitwe mwizi kuliko kukiri kwamba kitabu cha rafiki yake kimemshinda. Ameomba radhi mara mbili. Nimemwambia yameisha, na yameisha.

Kodi ya kivuli inaanza ukurasa wa thelathini na moja. Mwalimu aliishia wa nne.