Ree ya Kopa Aliyoibania Mama Mkwe

Ushirombo, Jumapili jioni, kiangazi cha 1983

Upepo wa leo umekuwa wa vumbi tupu tangu asubuhi. Nimechoka, macho yananiwasha, na bado nina furaha isiyofanana na ya mtu aliyetoka kupoteza kuku.

Tumeshindwa. Naliandika mapema ili nisijidanganye. Mimi na mama mkwe tulifika mchezo wa mwisho wa mashindano ya karata nyuma ya kanisa, tukafungwa na katekista na mwenzake, fundi cherehani. Kila wawili huingia na kuku mmoja, na washindi huondoka na kuku wote. Mwaka huu sabuni imeadimika hadi tunafulia majani ya mpapai. Kuku wale wangetupatia mche mzima.

Lakini nimecheza vizuri. Hilo nalo naliandika.

Mume wangu alipokwenda Geita kutafuta dhahabu aliniacha na mama yake. Si mkali, ni mkimya tu. Shikamoo, marahaba, maji yapo? Basi. Kwenye karata ndipo tunapotazamana usoni, kwa sababu watu wa upande mmoja hukaa wakielekeana. Ndiyo maana nilipotupotezea mchezo Jumapili mbili mfululizo, kilichoniuma hakikuwa kuku. Niliogopa atamchukua Veronika, mke wa shemeji yangu, acheze naye.

Mara ya kwanza nilimkata yeye mwenyewe. Alikuwa ametupa mfalme, karata imeshazoa, nami kwa pupa nikaweka turufu juu yake. Mara ya pili nilikuwa na ree ya turufu, karata isiyoshindwa na yoyote, nikaibania nikingoja mzigo mkubwa. Mzigo haukuja. Wapinzani wetu walizoa zote za maana, ree yangu ikazoa takataka.

Tangu hapo nimekuwa nikichota maji huku naicheza upya michezo ile kichwani.

Leo mama mkwe alipotupa mfalme nilitulia, nikamwekea karata ndogo. Akazoa. Aliniangalia kidogo tu, akarudi kwenye karata zake. Tukashinda, tukashinda tena, hadi tukafika kwa katekista.

Turufu ilikuwa kopa. Katekista akaanza kumwaga shupaza. Mama mkwe hakuwa na shupaza hata moja, kwa hiyo aliruhusiwa kukata kwa kopa. Fundi cherehani akaguna, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Mimi nimeshamjua: akiguna hivyo, ana karata nzito. Mama mkwe akaamini kweli hana kitu, akaona hakuna haja ya kuharakisha. Akatupa takataka. Shupaza ya pili, takataka. Ya tatu, takataka. Nami nimekaa na pau kubwa zote, naomba kimoyomoyo akate tu, kisha anianzishie pau. Kusema hairuhusiwi. Mwisho kabisa akaiweka chini ree ya kopa, ikazoa karata ambazo hakuna aliyezitaka.

Tulipungukiwa kidogo sana.

Njiani nilijiuliza kama niseme. Kumkosoa mama mkwe! Nyumbani kwetu Shinyanga ningekemewa kwa kuliwaza tu. Ila kosa lile nililijua ndani nje. Lilikuwa langu kabla halijawa lake.

“Mayu,” nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma, “ile ree ungekatia shupaza ya kwanza.”

Akaendelea kutembea. “Niimalize kwa karata moja?”

“Usingeimaliza bure. Ungepata zamu ya kuanza. Ungenianzishia pau, na kubwa zote nilikuwa nazo mimi.”

Akasimama. “Zote?”

“Zote, mayu.”

“Na yule fundi alivyokuwa anaguna?”

“Huguna akiwa na karata nzuri. Akiwa na mbovu hupiga mluzi.”

Alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alicheka hadi khanga ikamteleza begani, pale pale katikati ya barabara, watu wakigeuka kututazama.

Tulipofika hakwenda jikoni. Alitandika mkeka uani, akaketi mbele yangu.

“Zipange kama zilivyokuwa,” alisema. “Nionyeshe.”

Nikazipanga, zile nilizozikumbuka. Nikashika zangu, nikacheza pia za akina katekista. Safari hii alikata shupaza ya kwanza, akaanzisha pau. Pau zangu zikaanza kuzoa, moja baada ya nyingine. Mama mkwe akajipiga paja.

“Kumbe tulikuwa tumewashinda!”

Tulikuwa, alisema. Mimi na yeye.

Ugali umepoa na hakuna aliyelalamika. Nitafanya makosa mengine, hilo sina shaka nalo, lakini haya mawili nimeyamaliza, na sasa naweza hata kumfundisha mtu.

Nilipokuwa nakunja mkeka aliniuliza, bila kunitazama, kama najua mchezo mwingine wa watu wawili tu.

Nikasema naujua.

“Basi kesho,” akasema, “tukitoka kuchuma pamba.”